Nimehamia Kisumu na kila mara napotea: je, akili yangu ina kasoro?

*“Daktari, nina umri wa miaka 41. Nimekulia Nakuru na sikuwahi kupotea huko. Mwaka jana nilihamishiwa Kisumu kikazi, nikapanga nyumba Nyamasaria pamoja na watoto wangu wawili na mama yangu mwenye miaka 72. Ofisi yangu iko katikati ya mji. Asubuhi tuktuk hunichukua mlangoni na jioni hunirudisha. Nikienda mahali pengine popote nafuata simu. Jumamosi moja simu ilizima nikiwa mjini. Niliamua kutembea hadi barabara ya Nairobi nipande matatu ya kunirudisha nyumbani. Nilitembea kwa uhakika kabisa, na nilipokuja kuuliza nikaambiwa kwamba naelekea Dunga. Haikuwa mara ya kwanza. Kila mara naona kama mji huu umegeuzwa. Wenzangu kazini wanasema wanawake hawajui njia, wengine wanasema nitauzoea mji tu kadiri muda unavyopita, na mwanangu anasema simu imeniharibu ubongo. Juzi mama naye alitoka kwenda dukani akashindwa kulitambua lango letu. Sasa naogopa kwamba ni ugonjwa ulio katika ukoo wetu. Nifanye nini?”*

Dada, umeuliza maswali mawili, moja kuhusu wewe na jingine kuhusu mama, nami nitayatenganisha kwa sababu majibu yake si mamoja. Kwako wewe, sioni katika maelezo yako dalili yoyote ya ugonjwa. Mtu aliyeishi Nakuru tangu utotoni bila kupotea, kisha akaanza kupotea alipohamia mji mwingine, ubongo wake unafanya kazi. Kinachokosekana ni ramani ya mji mpya, na ramani hiyo haijengwi kwa kubebwa. Habari ya mama nitaifikia mwishoni, na nakuomba usiiruke.

Maneno yaliyonisaidia zaidi katika barua yako ni hayo kwamba ulitembea “kwa uhakika kabisa” na kwamba mji unaonekana “umegeuzwa”. Mtu asiyejua alipo husitasita, hugeuka nyuma, hujaribu huku na kule. Wewe hukusita. Ulikuwa na dira ndani yako iliyokuambia barabara ya Nairobi iko upande fulani, ukaifuata, na kwa bahati mbaya dira hiyo ilikuwa imezungushwa robo mzunguko. Hebu tuitazame Nakuru. Ukisimama katikati ya mji ule, kreta ya Menengai, lile shimo kubwa la volkeno, iko kaskazini na ziwa liko kusini, na ardhi yenyewe huteremka kutoka kreta kuelekea ziwani. Mtoto anayekulia pale hahitaji kufundishwa pande za dunia: kupanda ni kaskazini, kuteremka kuelekea ziwani ni kusini, na ukilielekea ziwa, safari ya Nairobi huanzia upande wa mkono wako wa kushoto. Jambo hili hukaa ndani sana hata mwenyewe hajui kwamba analijua.

Kisumu nayo ina ziwa, tena kubwa kupita lile kwa mbali, lakini ukiwa katikati ya mji Ghuba la Winam, ambalo ni sehemu ya Ziwa Victoria, liko magharibi yako, kisha ufuo unajipinda kwenda kusini upande wa Dunga. Ukilielekea ziwa hapa, mkono wako wa kushoto hauoneshi Nairobi. Unaonesha Milimani na Dunga. Barabara ya Nairobi iko mgongoni mwako. Uliposhika mkono wa kushoto Jumamosi ile, ulikuwa unafuata kanuni sahihi ya mji mwingine.

Sayansi ya jambo hili inafahamika vizuri kwa kiasi, nami napenda uielewe kwa sababu inaondoa hofu. Ndani ya ubongo, upande wa kulia na wa kushoto, kuna sehemu iitwayo hipokampasi. Mwaka 1971 John O'Keefe, akifanya utafiti London, alieleza kwamba katika hipokampasi ya panya kuna seli zinazowaka mnyama anapokuwa mahali fulani tu, seli hii kwa kona hii, nyingine kwa kona ile. Mwaka 1984 mtafiti Mmarekani James Ranck aliripoti seli za aina nyingine ambazo hazijali mnyama yuko wapi bali kichwa chake kimeelekea wapi. Kisha mwaka 2005 May-Britt Moser na Edvard Moser, nchini Norway, walieleza seli zinazopima nafasi kama mistari ya daftari la hesabu. O'Keefe na hao wawili walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2014. Dalili za mifumo ya namna hii zimeonekana kwa binadamu pia.

Seli za uelekeo ndizo zinazotuhusu hapa. Hazisomi kaskazini ya dunia kama sindano ya dira. Hujifunga kwenye kitu kikubwa kinachoonekana na kisichohama, na kila kitu kingine hupangwa kulingana nacho. Watafiti wamemweka panya ndani ya boma la mviringo lenye kadi moja ukutani, kisha wakaihamisha kadi hiyo kwa robo mzunguko: seli zote za uelekeo hugeuka pamoja, kwa kiwango kilekile, na mnyama huendelea na shughuli zake kana kwamba hakuna kilichobadilika. Nionavyo mimi, ziwa ndilo kadi yako. Ulilikuta Kisumu, ubongo ukalipokea kama alama unayoifahamu, ukaliweka kusini, na mji mzima ukageuka nalo. Ndiyo maana nasema kosa lako ni habari njema. Makosa yanayokwenda upande uleule kila mara yanaonesha ramani inayojengeka ila imewekwa kombo, na ramani ya namna hiyo hurekebishwa kwa kusahihisha alama moja tu.

Basi anzia hapo kabla ya kukariri mtaa wowote. Nenda siku moja mahali ambapo unaliona ziwa kwa macho yako, simama ulielekee, na ujiambie kwa sauti: hapa ni magharibi, Nairobi iko mgongoni, Busia na uwanja wa ndege viko mkono wa kulia, Dunga iko mkono wa kushoto. Nasema kwa sauti kwa sababu unashindana na mazoea ya miaka mingi, na wazo linalopita kichwani kimyakimya halitoshi. Kisha ongeza barabara kuu tatu. Ya Nairobi inatoka kwenda mashariki, ikipita kwenu Nyamasaria hadi Ahero. Ya Kakamega inapanda kaskazini kupitia Kondele na Mamboleo kuelekea vilima vya Riat. Ya Busia inaondoka kaskazini-magharibi, ikipita uwanja wa ndege na Otonglo hadi Maseno. Ile bypass, yaani barabara ya kuzunguka mji, inayoanzia upande wenu wa Nyamasaria, ikapita Kondele na kushuka kwenye barabara ya Busia, inazifunga zote tatu kwa nyuma. Ziwa na barabara hizo ndiyo mifupa ya Kisumu. Mitaa mingine yote ni nyama utakayoijaza polepole.

Kuna shida moja ambayo Nakuru hukuwa nayo. Menengai huonekana kutoka sehemu nyingi za mji, lakini ziwa la Kisumu hufichwa na majengo, na mtu anaweza kushinda mjini kutwa asilione, au akaliona limefunikwa na gugumaji asijue kwamba ni maji. Kwa hiyo unahitaji mashahidi wengine. Asubuhi na jioni jua litakusaidia mwaka mzima, maana katika sehemu hizi halichomozi mbali sana na mashariki kamili wala halitui mbali sana na magharibi. Usilitegemee saa sita mchana. Kisumu iko kusini kidogo tu ya ikweta, ambayo hukatiza barabara ya Busia pale Maseno, na kwa sababu hiyo jua la adhuhuri hukaa upande wa kaskazini kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba, kisha huhamia kusini miezi iliyobaki. Mtu aliyefundishwa shuleni kutumia kivuli cha mchana atajipoteza mwenyewe. Alasiri, upepo kwa kawaida huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, ingawa katikati ya majengo hupindishwa. Kukiwa hakuna ukungu, milima ya Nandi huonekana upande wa kaskazini-mashariki, na hiyo ndiyo alama iliyo karibu zaidi na Menengai uliyoizoea.

Sasa nije kwa waliokushauri. Wanaosema utauzoea mji kwa muda tu wana nusu ya ukweli. Mwaka mzima umepita nawe hujauzoea, na sababu ni kwamba mwaka huo umeuishi kwenye kiti cha nyuma cha tuktuk. Ubongo huhifadhi njia unapolazimika kuamua: nikate hapa au niendelee, ni kona hii au ile. Dereva wako ameamua kwa niaba yako kila asubuhi na kila jioni, kwa hiyo ni yeye aliyejifunza. Unaweza kupita Jomo Kenyatta Highway kila siku ukaijua sura yake bila kujua inaungana na nini.

Mwanao naye amegusa jambo la kweli akalikuza kupita kiasi. Simu haikuharibu ubongo. Inafanya kazi ileile ya dereva wa tuktuk: inakuambia geuka kushoto baada ya mita 200, nawe unageuka, na akili yako yote iko kwenye mshale, haiko kwenye mtaa. Tena ramani ya simu inapokuongoza kwa kawaida hujizungusha kila unapogeuka, ili mbele yako iwe juu ya kioo siku zote. Kwa mtu ambaye tatizo lake ni uelekeo uliozungushwa, sijui mpangilio mbaya kuliko huo. Ingia kwenye mipangilio uiweke ramani ibaki na kaskazini juu. Itakusumbua siku za mwanzo, kisha utaanza kuona kwamba ziwa liko kushoto ya kioo kila unapoitazama.

Sikuambii uitupe simu. Usiku, au ukiwa na mtoto mgonjwa, au ukienda mtaa usioujua na kuna haja ya kufika kwa wakati, itumie bila kujilaumu. Hasara yake nyingine ni ya usalama: mtu anayetembea akiwa ameinyoosha simu mbele ya uso wake katika steji iliyojaa watu anajitangaza kwamba ni mgeni. Mtindo ninaoupendekeza ni wa katikati. Tazama ramani kabla hujatoka, jiulize uko wapi na unakokwenda kuko upande gani wa barabara zile tatu, kisha iweke simu kwenye mkoba uende. Ukikwama, simama dukani, itoe, angalia, irudishe.

Kuhusu wanawake kutojua njia, jibu langu ni fupi. Uchambuzi wa matokeo ya mchezo wa simu uliobuniwa kupima uwezo wa kutafuta njia, uliochapishwa mwaka 2018 kwa kulinganisha watu wa nchi nyingi, ulionesha kwamba pengo kati ya wanaume na wanawake ni dogo katika nchi zenye usawa mkubwa wa kijinsia na kubwa pale ambapo usawa ni mdogo. Uchambuzi wa mwaka 2022, uliohusu karibu watu 400,000 wa nchi 38, ulionesha kwamba waliokulia nje ya miji, kwa wastani, hutafuta njia vizuri kuliko waliokulia mjini, hasa katika miji ambayo mitaa yake imenyooka na kukatana kwa mpangilio. Hayo yote yananiambia kwamba uwezo huu unatokana kwa sehemu kubwa na mazingira ya malezi na ruhusa ya kuzurura. Mvulana anayetumwa kutafuta ng'ombe waliopotea hupata mafunzo ambayo dada yake, anayepita njia moja ya kisimani kila siku, hayapati.

Kwa hiyo zurura kidogo, dada, mchana na bila haraka. Jumapili asubuhi mji unapokuwa mtulivu, tembea kutoka ofisini hadi soko la Kibuye kwa njia moja na urudi kwa nyingine. Katika kila njia panda geuka utazame nyuma, kwa sababu ndivyo njia itakavyoonekana wakati wa kurudi, na watu wengi hupotea wakirudi kwa kuwa hawajawahi kuiona sura hiyo. Kila baada ya muda simama, nyosha kidole mahali unapodhani Nyamasaria iko, kisha uhakikishe kwenye ramani. Zoezi hili la kidole ndilo ninalolithamini kuliko mengine yote, maana linakulazimisha kubashiri kabla ya kuambiwa, na kosa ulilobashiri mwenyewe hukufundisha zaidi ya jibu ulilopewa. Watoto pia watalipenda.

Chagua alama zisizohama. Kibanda cha mboga huhama, ukuta uliopakwa rangi ya kampuni ya simu hupakwa rangi nyingine, na steji huhamishwa. Daraja la juu la Kondele, reli, msikiti na kanisa la mawe vitabaki. Tena jifunze majina ambayo wenyeji wanayatumia hata kama ramani haina habari nayo. Ukisikia mtu anashuka “Russia”, anakusudia Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, nawe utaitafuta kwenye simu mpaka uchoke.

Unapouliza njia, usiulize “Hii ndiyo njia ya Kibuye?” Watu wetu ni waungwana na wengi watakujibu ndiyo ili wasikuvunje moyo. Uliza “Kibuye iko upande gani?”, umwache mwenyewe anyoshe mkono. Muulize mwenye duka au mama anayeuza nyanya, ambaye hushinda pale kutwa, kuliko mpita njia ambaye huenda naye ni mgeni. Na siku ambazo ni lazima upande tuktuk au bodaboda, mwombe dereva akuachie wewe umwelekeze: kata hapa, nenda moja kwa moja, sasa kulia. Utakosea naye atakusahihisha, na safari ileile ya kila siku itageuka kuwa somo.

Hofu nayo ina sehemu yake. Mtu mwenye wasiwasi hutumia akili nyingi kujisikiliza mwenyewe, hivyo hubaki na kidogo cha kutazama barabara. Ndiyo sababu nimesisitiza mchana na bila haraka. Umri wako si kizuizi. Madereva wa teksi wa London wanaojifunza mitaa ipatayo 25,000 ili wapewe leseni ni watu wazima, na utafiti wa Katherine Woollett na Eleanor Maguire uliochapishwa mwaka 2011 ulionesha kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi ya waliofaulu ilikuwa imeongezeka, ilhali ya walioshindwa haikuongezeka. Siwezi kukuahidi itakuchukua muda gani, kwa maana watu hutofautiana sana. Wengine huushika mji kwa wiki chache, wengine huhitaji miezi, na wachache hubaki na udhaifu kiasi maisha yao yote wakaishi vizuri tu. Wapo pia watu wachache waliozaliwa na ugumu mkubwa wa kuunda ramani yoyote akilini, ambao hupotea hata katika mtaa waliozaliwa. Hali hiyo ilielezwa kitabibu mwaka 2009. Wewe uliyeijua Nakuru vizuri si mmoja wao.

Kuna hali ambazo hazisubiri mazoezi. Mtu yeyote nyumbani kwenu akichanganyikiwa ghafla, asijue alipo, huku ana homa, kutapika au kichwa kinauma sana, apelekwe hospitalini saa hiyohiyo akapimwe malaria. Nakuru malaria ni chache. Ukanda wa ziwa huambukiza mwaka mzima, na ninyi mmekuja bila kinga waliyo nayo wenyeji, kwa hiyo malaria kali inaweza kuwapata hata watu wazima. Laleni ndani ya chandarua. Vivyo hivyo kwa kupotea kunakoanza ghafla pamoja na mdomo kwenda upande, mkono kulegea au maneno kutotoka, kwa maana hizo ni dalili za kiharusi, na vilevile baada ya kuanguka na kugonga kichwa. Wewe mwenyewe umwone daktari ikiwa utaanza kupotea Nakuru utakaporudi kutembea, au ukipotea mahali ambapo tayari umepajua vizuri.

Mama yako ni jambo la pekee. Mzee aliyehamishwa kutoka nyumba ya miaka mingi anaweza kushindwa kutambua lango kwa sababu tu malango yote ya mtaa wenu yanafanana, na Kisumu haiwezi kukuambia kama hiyo ndiyo sababu. Itazame Nakuru. Mpigie simu jirani au ndugu aliyekuwa naye karibu mwaka wa mwisho kabla hamjahama, umuulize kama mama alikuwa akirudia swali lilelile, akisahau sufuria jikoni, akikosea hesabu ya pesa, au akichelewa kurudi kutoka mahali alipopazoea. Kama jibu ni hapana, funga kitambaa cha rangi kwenye lango, mtembeze njia ya dukani mara kwa mara huku yeye akikuongoza, na umpe muda. Kama jibu ni ndiyo, au kama hata ndani ya nyumba anakitafuta choo, mpeleke kwenye kituo cha afya mapema na uombe achunguzwe kumbukumbu. Usikubali kuambiwa kwamba ni uzee tu kabla hajapimwa, kwa sababu mtoto wa jicho, upungufu wa vitamini B12, tezi la shingo lisilofanya kazi vizuri, maambukizi ya mkojo, huzuni ya kuhama na dawa zenyewe anazotumia vyote vinaweza kuleta picha kama hiyo, na vyote vina matibabu. Siku ya kwenda, beba dawa zake zote pamoja na karatasi yenye tarehe na matukio uliyoyaona. Kuanzia leo, akitoka, awe na namba yako ya simu imeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ndani ya mkoba wake.